Papasi Hawana Ukoo

Mwaka 1954 Marselina aliolewa kijijini Sitalike. Mama yake, Theopista, alimfungia unga, maharage na kibuyu kidogo chenye papasi watano, wale kupe wa nyumbani wanaonyonya watu damu. Usicheke. Wazee wa kwao walisema papasi wa kwenu wamekuzoea. Ukihamia ugenini bila wao, wa ugenini watakuangusha kwa homa. Basi Marselina akawamwaga chini ya kitanda, kama alivyoagizwa.

Sakafu ilikuwa ya udongo, yenye nyufa. Papasi wakazaliana humo.

Mimba ya Marselina ilipofika miezi sita, homa ikamshika. Siku ya nne ikapoa, wakashukuru. Baada ya wiki ikarudi. Theopista akaja mbio kutoka Mpanda. Kumwona mwanawe alivyokonda, moyo ukamuuma. Gelasius, mume wa Marselina, akampakia mkewe kwenye baiskeli hadi zahanati. Theopista akafuata kwa miguu.

Ambrosi, dresa aliyetibu wagonjwa pale, alimpima damu, akamchoma sindano. Kisha akauliza kama nyumbani kuna papasi.

“Wapo,” Theopista akajibu kwa fahari. “Wa kwetu kabisa. Nilimpa mwenyewe.”

Ambrosi hakumcheka. “Mama, papasi hawana ukoo. Hao wa kwenu ndio wamemwambukiza. Na homa ya papasi huua mtoto tumboni.”

Mimba mbili za Theopista zilitoka baada ya homa kama hiyo. Miaka yote alidhani amelogwa. Maskini, aligombana bure na jirani aliyemshuku.

Ambrosi akawaeleza taratibu. Mchana papasi hujificha kwenye nyufa, usiku huuma waliolala. Usimpasue kwa vidole. Palipoumwa paoshe kwa sabuni. Homa ikianza, nenda zahanati siku hiyo hiyo, maana kupoa kwake si kupona.

Waliporudi walitoa vyombo vyote nje. Bwana Afya akaja kunyunyiza dawa ya unga. Gelasius akatengeneza kitanda chenye miguu mirefu, akakiweka mbali na ukuta. Theopista alikanda udongo mwenyewe, akaziba kila ufa mpaka mikono ikachubuka.

“Nilikupa ugonjwa kwa mkono wangu, mwanangu. Nisamehe.”

“Ulinipa ulichopewa na mama yako,” Marselina akasema. “Hukujua.”

Homa haikurudi tena. Miezi mitatu baadaye alizaliwa mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti kubwa. Theopista alimpakata. Kisha akamwomba Gelasius amrudishe Mpanda kwa yule jirani, akamwombe radhi.