Mkono wa Fundi Begani kwa Daktari

Mmekula mmeshiba, sasa mnataka kutishwa. Hadithi hii siipendi, na nimeshasema, ila masikio yenu ni ya kuning'inizia hereni tu. Haya. Nitaieleza mara hii, na atakayeogopa kwenda chooni peke yake asije kunigongea mlango. Habari zake nilizipata kwa mdogo wangu, aliyekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nusu aliiona kwa macho yake, nusu aliambiwa na mwenye makosa.

Ilianza na harufu.

Daktari wa mifupa alirudi nyumbani saa nane mchana, akafungua mlango, akakuta sebule inanuka mafuta ya cherehani. Nyumba ile haikuwa na cherehani. Haikuwa na mtu pia. Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma, binti yake mmoja alikuwa nchi ya mbali, na sufuria zake nne alizipikia kwa zamu ili zisijione zimesahaulika. Akafungua madirisha. Harufu haikutoka. Akakaa kwenye kiti chake, akafunua gazeti, na hapo mkono ukamshika begani.

Mwanamume mzima, msomi, ameshikwa na asiyeonekana, na hakupiga kelele. Mnajua kwa nini? Ulikuwa mkono wenye joto, mwepesi, kama wa mtu aliyetokea nyuma kukuuliza umekula. Miaka sita hakuna aliyemgusa isipokuwa kinyozi. Akatulia kimya, gazeti mapajani, akaogopa kugeuka, usije ukaondoka.

Sasa niwaambie ulitoka wapi.

Wiki tatu kabla, alimpasua fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo, mdomo wake mkali kama sindano zake. Bega lake la kulia lilikuwa na tabia ya kuchomoka. Akinyoosha mkono kutoa kitambaa kwenye rafu, bega linatoka mahali pake, wateja wanapiga mayowe, yeye anatukana. Daktari akasema atalifungua na kulikaza.

Sikilizeni vizuri hapa. Ndani ya bega, upande wa chini, unapita mshipa wa fahamu, mwembamba kama tambi. Ndio unaoupa mkono nguvu za kuinuka. Umelala na mshipa wa damu kama mapacha kwenye kitanda kimoja. Mpasuaji mwangalifu hakati huko kabla hajautafuta. Anaingiza kidole kimoja ndani ya kidonda, kingine anakiweka upande wa nje, chini ya msuli, kisha anauvuta kidogo sana. Kidole cha nje kikijibiwa, anajua uzi ndio huo, akae nao mbali. Kule kazini wanaita kuvuta na kujibiwa.

Siku hiyo Daktari hakuvuta wala hakujibiwa. Alishapasua mabega mengi, akajiona anajua njia. Alikuwa na haraka, na sijui haraka ya nini, maana alikokuwa akiharakia ni nyumba tupu. Kisu kikashuka chini kupita kiasi. Damu ikaruka.

"Tubonyeze kwa shashi kwanza, Daktari," mdogo wangu akasema. "Tungoje tuone inakotoka."

"Sista, nani anapasua hapa?"

Akaingiza koleo kwenye damu bila kuona, akabana. Damu ikasimama. Lakini vidole vyake vilisikia kitu kingine kikikatika humo ndani, kidogo tu, kama uzi ndani ya pindo. Akashona, akafunga, akanawa mikono.

Fundi alipoamka, mkono haukuinuka. Na pale nje ya bega, mahali pa ukubwa wa kiganja, hakuhisi kitu hata ukimchoma. Asubuhi ile kabla hajalazwa nusu kaputi, mdogo wangu alikuwa amempitishia pamba mahali hapohapo, naye akacheka, "Niache wewe, unanitekenya!" Likaandikwa kwenye faili kwamba hisia zipo. Daktari akaichomoa karatasi hiyo, akaandika nyingine, kwamba mkono ulikuja umekufa ganzi tangu mwanzo.

Kwa fundi akasema, "Ni yale maumivu yako ya zamani. Vumilia, mama, utaamka wenyewe."

Naye alijua hauamki. Mshipa uliokatika unaweza kuungwa na mpasuaji mwingine, ukiwahiwa. Ikipita miezi sita, msuli umekwisha, na cherehani ya fundi iuzwe. Alijua tarehe na kila kitu.

Mdogo wangu je? Alinyamaza. Aliogopa kupoteza kazi. Ni damu yangu, lakini siwezi kumsafisha kwa hilo.

Basi mkono ukawa unakuja kila siku. Daktari akizoea kitu hukizoea vizuri. Akaanza kumimina chai vikombe viwili. Akawa anausimulia mambo ya kazini, nani kavunjika mguu, nani kamjibu vibaya, na mkono unambonyeza taratibu pale panapofaa. Kutoka chumba cha wageni ikaanza kusikika pedali, tak-tak-tak, halafu kimya, halafu tak-tak-tak. Hakwenda kuchungulia. Alipandisha tu sauti ya redio.

Mwezi wa tatu fundi akaja kliniki. Daktari akachukua pamba, akampitishia nje ya bega.

"Unahisi?"

"Ningehisi ningekaa kimya? Sihisi kitu."

Lakini begani kwa Daktari, pale ulipokuwa umetulia, maana siku hizo ulimfuata hadi kazini, mkono uliruka kama uliotekenywa, na nyuma ya sikio lake kikapita kicheko kidogo cha mwanamke, kilekile. Fundi alikuwa mbele yake, amefunga mdomo.

Hapo akajua kile kinachomfariji nyumbani ni cha nani. Na mnadhani alisema nini? "Vumilia, mama." Kwa sababu akisema kweli, fundi ataungwa mshipa, mkono utarudi kwa mwenyewe, na yeye atabaki na sufuria zake. Kubana koleo bila kuona nakuita uzembe. Hili la pili sina jina lake.

Mwezi wa nne ukaingia. Siku moja, asubuhi kweupe, taa zote za chumba cha upasuaji zimewaka, yumo ndani ya bega la mtu mwingine, dereva wa lori, kisu kiko mkononi, akasikia kidole kimoja kinaingia kwapani kwake, chini ya gauni, chini ya ngozi, bila maumivu, kinapapasa polepole kama cha mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, na kidole kingine kikaja kutulia upande wa nje wa bega lake, kikabonyeza, kikangoja, kisha cha ndani kikauvuta uzi wake mara moja, na cha nje kikajibiwa, kikauvuta tena kwa nguvu zaidi, na cha nje kikajibiwa, na kisu kikaanza kutetemeka juu ya mapacha wa dereva yule, na harufu ya mafuta ya cherehani ikajaa chumba hadi mdogo wangu akageuka kutafuta kilichomwagika, na Daktari akanong'ona ndani ya barakoa yake, "Sista, nitoe hapa. Nitoe hapa kabla hakijaukata."

Mwenzake akaitwa kumalizia. Dereva alipona, wala hajui.

Mdogo wangu akampeleka kwa mganga, mwanamke mfupi mwenye mafua, ambaye hakuwasha kitu wala kutikisa kitu. Alimketisha Daktari kwenye kigoda, akasimama nyuma yake, akaliambia bega, "Wewe, unataka nini kwa huyu?"

Daktari akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Sikutaka kitu. Nilikaa nyumba ile kwa sababu ni tupu. Yeye alitupa mkono wa mtu, kisha akaandika kwamba hakuna aliyeutupa. Kisichokuwa na mwenyewe, nimekivaa."

"Kivue."

"Akimrudishia mwenyewe, nitavua. Lakini sitoki uchi. Nitavaa kingine."

"Kipi?"

Daktari mwenyewe akaanza kulia kabla jibu halijatoka. Alishaelewa.

Mganga akapenga kamasi, akamwambia, "Mimi sina la kuongeza. Ukinyamaza, utabaki naye, na yule mwanamke atakuwa kilema. Ukisema, jiandae."

Akakaa nalo siku tisa. Siku ya kumi akaenda kwenye kibanda cha fundi, mdogo wangu nyuma yake. Fundi alikuwa anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, vibaya.

"Nilikukata mshipa," Daktari akasema. "Nikabadilisha faili. Nimeshamwandikia mkuu wa hospitali."

Fundi hakuinua kichwa. "Lini ulijua?"

"Siku ileile."

"Na kila nikija unanitazama usoni unaniambia nivumilie."

"Ndiyo."

"Toka hapa. Sina mkono wa kukupiga."

Alipasuliwa wiki ileile, katika hospitali nyingine. Wakachukua kipande cha mshipa mguuni, wakaunganishia pale palipokatika. Mwaka mzima ulipita kabla hajaweza kuinua mkono hadi sikioni. Juu ya hapo haufiki, lakini anashona, na anatukana kama zamani.

Daktari alisimamishwa kazi, hilo ni dogo. Siku ileile fundi alipopasuliwa, alikuwa ameketi sebuleni kwake, na mkono ukampapasa kuanzia kichwani hadi nyayoni, taratibu, kama mtu anayemvua nguo mgonjwa. Harufu ikaondoka. Pedali ikanyamaza. Alipotaka kushika kikombe akakiona kiko vidoleni, lakini vidole havikumwambia kitu. Ngozi yote ilikuwa hivyo. Alijikata akinyoa, akaijua damu kwa kioo. Chai aliipima kwa kuangalia mvuke.

Baadaye binti yake akasafiri kuja kumwona. Alimkuta kasimama dirishani, kampa mgongo. Akamwendea, akamkumbatia kwa nyuma, akamlazia kichwa mgongoni, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema. Baba hakugeuka. Aliendelea kutazama barabara.

"Baba," binti akasema mwishowe, "hata hunijibu?"

Akashtuka. "Umekuja lini? Uko wapi, mwanangu?"

"Nimekushika."