Aliyeomba Maji Baharini

Asubuhi hiyo Duale, mtoto wa kiume wa mama Maka, jirani yetu hapa Garissa, alikuwa akipika anjera, ile mikate laini ya Kisomali, katikati ya bahari. Yeye na nahodha Shuaib, wawili tu, walikuwa wakilirudisha Kilifi boti la tanga la tajiri mmoja, kutoka Shelisheli. Dhoruba moja ilikuwa imewapitia na kuua injini. Nyingine ilikuwa inakuja nyuma. Upepo wa katikati ya dhoruba hizo mbili ndio uliokuwa uwafikishe nyumbani, na Duale aliuombea usiku na mchana, maana mama yake alikuwa mgonjwa. Dada yake Sadia alikuwa amemwambia kwa simu ya setilaiti kwamba sasa ana nafuu, hata maziwa ya ngamia ameomba, ila anamuulizia yeye tu.

Saa sita mchana upepo ukafa. Tanga likalegea, bahari ikalala kama sakafu, jua likawaka kama la kule jangwani Liboi. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Ndipo mtu akaita kutoka majini, ubavuni mwa boti.

"Duale. Hooyo, biyo."

Ilikuwa sauti ya mama yake, Maka, ikimwita hooyo kama mama wa Kisomali amwitavyo mwanawe na kuomba maji, na kile kikohozi chake kidogo mwishoni.

"Usijibu," Shuaib alinong'ona. Naye alikuwa ameisikia. "Anayeomba maji katikati ya bahari hana kiu."

"Kabteni, huyo ni hooyo yangu, mama yangu, wallahi. Yeye nataka maji."

Msimlaumu kijana wetu. Kwetu, kwa ukame huu, mtu akikuomba maji humuulizi ni nani, unampa kwanza. Sasa akiomba mama mzazi, utaziba masikio? Duale alichota maji matamu ya kunywa kwa kikombe chake cha bati cha bluu, akakifunga kamba, akakishusha.

"Hoo, hooyo. Chukua."

Kamba ikakazika. Duale akavuta. Chini nako kukavuta, polepole, bila haraka. Shuaib akaikata kwa kisu.

Kisha, chini kabisa, mtu akameza.

Jioni upepo ulirudi. Lakini Duale alipofika Garissa alikuta viatu vya watu wengi mlangoni, akajua mama hayupo tena.

Sadia alimvuta kando. Mchana ule ule upepo ulipokufa, mama alikuwa ameketi kitandani, anacheka. Mara akanyoosha mikono hewani, akasema Duale ameniletea maji. Akameza. Akapaliwa. Maji yakamtoka puani na mdomoni, yakalowesha godoro, na mifereji ya maji nyumbani ilikuwa imekauka wiki nzima.

"Nilifuta, walaal, ndugu yangu," Sadia alinong'ona. "Nikifuta, yanakuja. Yalikuwa na chumvi."

Duale akachutama kando ya kitanda. Uvunguni kulikuwa na kikombe cha bati cha bluu, na kipande cha kamba kilichokatwa kwa kisu.

Kikombe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Alichovya kidole, akaonja. Yalikuwa maji matamu, yale yale aliyoyashusha baharini, hayajapungua hata tone.