Wavu Mbele ya Pikapu

Siku ya soko mjini Kisii, mwaka 1974, hapakuwa na pa kutia mguu. Wanawake wenye mikungu ya ndizi walisukumana na vijana waliovaa suruali pana chini, na katikati ya vurugu hiyo pikapu ya kijani ilisimama mbele ya duka la spea, uso umebomoka.

Drusilla, muuzaji wa duka hilo, alitoka akicheka.

"Kaka, umegonga nini?"

"Ng'ombe," akajibu dereva, kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi likanyooka. "Na yeye amekwenda zake mzima."

Aliitwa Machogu, wa Ikonge, msafirishaji wa magunia ya majani chai. Alitaka grili mpya ya mbele. Ya gari lake haikuwepo. Kulikuwa na wavu wa chuma tu, wa mtu kujikatia na kujifungia. Mmoja ulikuwa mweusi, wa matundu makubwa. Mwingine ulikuwa wa matundu madogo, unang'aa kama fedha.

"Chukua huu," Drusilla akasema, akiushika ule unaong'aa. "Gari litapendeza kama bibi arusi."

"Huu si chujio la chai? Upepo utafika kwenye rejeta kuipoza injini?"

"Utafika. Muuzaji ni mimi au wewe?"

Drusilla hakuwa na hakika. Aliupenda ule mng'ao, na zaidi alitaka kijana huyo asiondoke haraka. Machogu akaukata wavu kwa mkasi wa kukatia bati, akalainisha kingo kwa tupa, akatoboa matundu ya boliti. Drusilla aliushika kwa mbele, yeye akakaza nati kwa nyuma, na vidole vyao vikagusana.

"Usiachilie."

"Nikiachilia?"

"Utauchukua wavu na dereva wake."

"Basi naachilia," akasema Drusilla, na wote wawili wakacheka hadi wapita njia wakageuka.

Tangu hapo simu ya duka ikawa ya kwao. Machogu alipiga kutoka posta ya Nyamira.

"Duka la spea? Kuna moyo hapa umekufa breki."

"Ulete tuukague, mpenzi. Lakini uje umenyoa."

Alikuja amenyoa. Walikunywa soda, wakapanga Drusilla aende kwa wazazi wa Machogu kujitambulisha, naye akashona gauni la njano lenye mkanda mpana kwa ajili ya safari hiyo.

Kisha simu ikanyamaza. Wiki zikapita. Bochaberi, mwenzake wa dukani, alisema amemwona Machogu akipita Nyamira kwa miguu, hata salamu hakuitikia. "Ameshapata mwingine, dada. Wanaume ndio hao." Jumapili Drusilla akavaa gauni lile, akapaka mafuta nywele, akapanda basi hadi Ikonge ili amwone huyo mwingine kwa macho yake.

Nyumbani kwa kina Machogu alikuta watu wamekaa kwenye mabenchi. Kando ya migomba palikuwa na kaburi bichi. Wanawake wenye vitambaa vyeusi waligeuka kulitazama gauni la njano, na Drusilla akatamani ardhi immeze.

Machogu akamvuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa.

"Ni mama," akasema. "Kifua kilimbana, nikampakia kumpeleka hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha, kumbikumbi wametoka. Tulipopanda mlima gari likachemka, likazima. Nikafungua boneti. Ule wavu ulikuwa umejaa kumbikumbi na matope, Drusilla. Hata pumzi ya mtu isingepita. Nilikuwa nikiukwangua kwa kucha, naye akakata roho nyuma yangu."

Drusilla alishika ukuta.

"Mimi ndiye niliyekwambia utapitisha upepo."

"Na mimi ndiye dereva. Ningeusafisha."

"Basi nilaumu. Nitukane, Machogu."

"Nisingekupenda ningekutukana, yakaisha." Alifuta uso kwa mkono. "Baba hajui. Nikimwambia, hutaolewa hapa. Nisipomwambia, utanipakulia chakula kila siku nami nikimtazama yeye usoni. Siwezi."

"Twende pamoja tumwambie. Na anifukuze."

"Anifukuze na mimi? Amebaki na nani?"

Mara Mzee Nyamongo, baba yake Machogu, akatokea akijikongoja na fimbo.

"Huyu ni binti wa nani?"

Drusilla alimtazama Machogu. Machogu alitazama chini.

"Ni mtu wa kanisa la mjini, baba. Amekuja kutupa pole."

Mzee akaushika mkono wa Drusilla kwa mikono yake miwili. "Umetoka mbali hivyo, mwanangu? Nyasae akubariki. Marehemu angekuwepo, usingeondoka mikono mitupu."

Hapo Drusilla akaangua kilio. Wanawake wakamkalisha, mmoja akamfunika gauni kwa leso yake, wakamlisha ugali wa wimbi kama mtoto. Wakanong'onezana kwamba binti huyu ana moyo, analia kama mtu wa nyumbani.

Jioni Machogu alimsindikiza barabarani. Walisimama wameachana hatua kadhaa, kama watu wasiojuana.

"Sema neno moja tu," Drusilla akaomba. "Nitangoja hata miaka."

Basi likaja, likasimama, utingo akapiga bati kwa kiganja.

"Panda," akasema Machogu. "Mvua inakuja."

Akapanda.