Kifuniko cha Mashine Nyingine

Siku Oliva alipokutana na Dastan alikuwa anatafuta mtu wa kumbebea mzigo, wala hakuwa na haja ya mwanamume. Alikuwa amesimama stendi ya Songea, kitenge chake cha njano kimeshaingia oili pajani, na miguuni pake imelala mashine ya boti ya baba yake, imeshushwa sasa hivi kutoka basi la Mbamba Bay. Watu wa stendi, ambao hawakosi la kusema, walikuwa wanamuuliza kama ziwa limehamia mjini.

Kijana mmoja wa ovaroli ya bluu, aliyekuwa amefuata kifurushi chake cha spea, akachuchumaa bila hata kuombwa. Akapangusa kile kibati cha namba kilichokaribia kufutika, akafungua kifuniko, akachungulia ndani.

"Dada, nani alikwambia hii ni ya nguvu za farasi kumi na tano?"

"Si imeandikwa hapo juu?"

"Kifuniko ndicho cha kumi na tano. Yenyewe ni ya nane, tena imenizidi umri. Imevaa nguo ya jirani."

Oliva alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Mzee Beda, baba yake, alikuwa akivusha watu na mizigo kwenye vijiji vya kando ya ziwa, na mashine ikizimika nyumba nzima inazimika. Kaka yake Athanasi alishasema iuzwe chuma chakavu. Oliva, aliyekuwa anauza dagaa soko la Songea, ndiye aliyemsihi baba asubiri, fundi atapatikana mjini. Akapatikana huyu, mwenye gereji Mjimwema, na Oliva akamsifia nyumbani kabla hata hajamjua vizuri.

Dastan alimweleza kwamba miaka yote watu walinunua spea kwa kuamini maandishi ya kifuniko, ndiyo maana kabureta ilikuwa na vipande visivyo vyake. Akahangaika mpaka akapata vinavyostahili. Kisha akaifunga mashine kwenye pipa la maji, akavuta kamba, akawa anageuza skrubu ya kabureta, ile inayopima mafuta, kidogo kidogo huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza umbea. Oliva alikuwa na sababu za kupita pale kila akifunga biashara. Mara amempelekea dagaa, mara amesahau mwavuli, na siku nyingine hakuwa na sababu yoyote na hakuna aliyemuuliza.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" Oliva alikuwa akimuuliza kwa simu.

"Yupi? Wa chuma au mimi?"

"Wewe nani kakwambia unaumwa?"

"Njoo unipime, mpenzi, utajua mwenyewe."

Alikuwa anampenda. Tusizunguke.

Siku mashine iliponguruma ndani ya pipa bila kukohoa, Dastan hakufurahi kama Oliva alivyotegemea. Alimwambia kazi imefika nusu. Songea iko juu, hewa yake nyepesi, na mashine ameipimia mafuta ya hewa hiyo. Ikishuka ziwani, kwenye hewa nzito na mzigo wa boti, mafuta hayatatosha, itachemka na kuzimika. Lazima skrubu ile ilegezwe kulekule majini.

"Basi twende wote Jumamosi," Oliva akasema. "Baba akuone."

Dastan akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena ilhali imeshatakata. Akasema hawezi kwenda kwao sasa. Amwambie baba amtafute fundi wa huko alegeze skrubu.

Oliva alirudi Matogoro alikopanga. Mwanamume anayekupenda hakatai kumwona baba yako. Maneno yale ya hewa nyepesi aliyaona kisingizio cha mtu anayejitoa taratibu, na kwa hasira akaipakia mashine kwenye basi bila kumwambia baba yake habari ya skrubu yoyote.

Athanasi ndiye aliyepiga simu. Mashine ilizimika katikati ya maji, baba ndani na abiria wake, wakavutwa na boti ya watu hadi nchi kavu. "Huyo bwana wako kachomoa vifaa vizuri kaweka vibovu," akasema. "Usimlete hapa."

Oliva alimkuta Dastan chini ya pikipiki.

"Umetoa nini kwenye mashine ya baba?"

Dastan akajivuta, akaketi. Hakupandisha sauti.

"Ulimwambia kuhusu skrubu?"

Oliva akatazama pipa.

"Oliva, ulimwambia?"

"Kwa nini ulikataa kuja?"

"Nikifika kwa baba yako na spana, ataniita fundi, atanipa nauli, na nitabaki fundi siku zote. Nilitaka nifike na mzee wangu kwanza, tulete posa. Baba mdogo Kajetani yuko Namtumbo anavuna, nilikuwa namsubiri. Nilifikiri ukijua mapema jambo halitakuwa na utamu."

Oliva aliona aibu kubwa. Alikaa kwenye tairi kuukuu, akampigia baba yake palepale, Dastan akisikia. "Shikamoo, baba. Kosa ni langu. Alinipa maagizo, sikuyafikisha." Mzee Beda akauliza kama huyo mtu ana wazee.

Walikwenda mahindi yalipokwisha kuvunwa. Mashine ilikuwa bado imelala ufukweni chini ya turubai, haijaguswa, mzee kakataa fundi mwingine, na Athanasi amesimama mlangoni kakunja mikono. Baba mdogo Kajetani, yeye na Dastan wote ndani ya makoti ya kuazima, alizungumza vizuri na kwa kirefu. Mzee Beda alimsikiliza hadi mwisho, halafu akaagiza binti aitwe ndani, aulizwe mbele ya wote kama desturi inavyotaka.

"Mwanangu, hapa kuna wageni. Mashine yangu haijawaka, na kaka yako ana maneno yake. Unamfahamu huyu kijana?"

Oliva alipiga magoti kwenye mkeka. Hakumtazama Athanasi.

"Namfahamu, baba."

Mzee Beda akaitikia kwa kichwa polepole, akamgeukia Dastan.

"Basi vua koti, mkwe. Kuna kazi ufukweni."