Kitanda cha Zamu

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, anamwonea wivu hata marehemu. Alimuoa mjane wa baharia wa nyambizi, na mama huyo hachoki kumsifia mume wa kwanza.

Juzi fundi alipelekwa kung'oa vitanda ndani ya nyambizi hiyohiyo, ambayo sasa ni chuma chakavu. Kimoja kilikuwa na jina la marehemu. Wakati wa vita mabaharia wawili walilala kitanda kimoja kwa zamu: mmoja akiinuka, mwenzake anajilaza godoro halijapoa.

“Zamu yako imekwisha, bwana mkubwa,” fundi akakiambia kitanda.

Gizani springi zikalia, kama mtu anayeinuka.

Alirudi nyumbani mchana. Mkewe alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

“Umeshaamka?” akauliza.

Fundi akaingia chumbani. Hamkuwa na mtu. Akaweka mkono upande wake wa kitanda.

Godoro lilikuwa halijapoa.