Pumua, Anjela

Asubuhi ile ya Jumamosi Paskalina alikuwa uani kwake, kwenye mlima unaoitazama Ilula, anachambua nyanya. Ngumu za kusafiri aliweka huku, zilizoiva za kuuza barabarani siku hiyohiyo kule, zilizopasuka akabakiza za mboga. Ukungu ulikuwa haujainuka. Anjela, binti yake wa miaka kumi na tano, akainama kumsaidia kunyanyua tenga. Wakawa uso kwa uso, na mtoto akahema. Paskalina akaliachia tenga, nyanya zikabingirika uani.

Mdomo wa Anjela ulinuka ulanzi.

Na si kidogo, jamani. Ulinuka ule ulanzi, pombe ya mianzi, uliochacha siku mbili, ule tunaouita mkangafu, unaomlaza mwanaume mzima mtaroni na viatu vyake. Nyumba ile pombe ilikuwa haiingii. Kalinga, mume wa Paskalina, alikuwa mzee wa kanisa, na tangu apewe huo uzee hakugusa tena mianzi ya marehemu baba yake iliyoota nyuma ya nyumba.

"Umekunywa nini?" Paskalina akauliza.

"Maji, mama."

"Anjela!"

"Maji tu, haki ya Mungu. Nina kiu mpaka koo linauma."

Paskalina akampa mswaki, akampa dawa, akaongeza na chumvi. Akamsimamia mpaka fizi zikatoa damu. Akamnusa tena. Harufu ilikuwa palepale, inatoka ndani kuliko meno.

Kinywa hakifichiki. Kalinga aliinasa mezani, mtoto akiombea chakula. Kipaimara cha Anjela kilikuwa kimebakiza wiki tatu, na mnajua midomo ya watu wa usharika. Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi Kalinga alimsimamisha bintiye mlangoni, akamwinamia na kusema, "Pumua, Anjela." Mtoto anapumua, machozi yanamtoka. Baba anakunja sura. Mwishowe akamfungia chumbani siku mbili, ufunguo mfukoni mwake, pamoja na ndoo ya maji ya lita ishirini. Asubuhi ya tatu akafungua mwenyewe.

"Pumua."

Harufu ilikuwa imezidi.

Ndoo ilikuwa tupu. Godoro lilikuwa limelowa mkojo, na huyo ni binti mkubwa. Sketi ya shule iliyokuwa ikimbana mwezi uliopita ilimvuka kiunoni aliposimama. Hapo ndipo Kalinga alipoanza kuogopa, na mtu mkali akiogopa nyumba nzima inayumba.

Bibi Yusta, mama yake Kalinga, alikuwa akiishi nyumba ndogo uani hapohapo. Alikuja na fimbo yake, akanusa mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyo anayenuka si Anjela," akanong'ona. "Huyo ni Aroni."

Mzee Aroni alikuwa mume wake, mgemaji wa kusifika. Alifia mianzini mwaka juzi, kisu cha kugemea mkononi, kinywa wazi. Katika ukoo wao mgemaji akizikwa humwagiwa kaburini ulanzi wa mianzi yake mwenyewe, aondoke bila kiu. Kalinga alikataa. Alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba yeye hamwagii maiti pombe. Bibi Yusta hakubishana naye siku ile. Aliinamisha kichwa tu.

"Ana kiu," sasa akasema. "Amepata mdomo wa kunywea."

Paskalina alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kiu, kukonda, harufu ya ulanzi kwa mtoto aliyefungiwa na maji matupu. Kila kitu kilikaa mahali pake. Ndio ubaya wa maneno ya aina hiyo, yanakaa vizuri kuliko ukweli.

Sasa sikilizeni walichofanya, na msiwahukumu upesi. Kalinga asingekubali pombe. Lakini maji ya mwanzi yaliyogemwa asubuhi hiyohiyo, kabla hayajachacha, hayalevyi. Hayo ni mtogwa, matamu kuliko soda, na hata wainjilisti wanayanywa bila kujificha.

"Mtogwa si pombe, mwanangu," Bibi Yusta akambembeleza. "Anywe mtoto, mzee ashibe polepole, atamwachia."

Kalinga akaenda kuchukua kisu cha baba yake. Akawa anagema asubuhi na jioni, bila kumtazama mtu usoni. Aliyemnywesha mtoto alikuwa Paskalina, kikombe kwa kikombe, kwa mkono wake mwenyewe. "Kunywa mama, utapona," alikuwa akimwambia. Anjela alikunywa na kuomba kingine. Hakuwahi kukataa.

Siku ya tatu akatapika. Siku ya nne hakuinuka kitandani.

Mchana wa siku hiyo, jua likiwa limetoka, Paskalina alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza. Mtoto alikuwa anahema vibaya. Pumzi ndefu, nzito, zinafuatana haraka, kama za mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Kile kifua kilikuwa chembamba mno kwa pumzi zile. Zilikuwa pumzi za mwanaume.

"Mama."

"Nipo."

"Mwambie babu asiniinamie."

"Babu yuko wapi?"

"Hapo ulipokaa."

Paskalina hakugeuka. Hakusogea. Shingoni, upande wa kushoto, ngozi ikapata joto. Likaondoka. Likarudi.

"Anafanya nini?" akanong'ona.

"Ananusa."

Paskalina alipiga yowe lililosikika mpaka shuleni. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge kama alivyombeba akiwa mchanga, na alikuwa mwepesi hivyohivyo, akashuka mbio. Bibi Yusta akamzibia njia uani.

"Ukimtoa hapa unamuua, mkwe!"

"Na nikimwacha, mama?"

Bibi akapisha. Kalinga akatoka mianzini na kisu chake, akakitupa, akawafuata akikimbia. Barabarani Ilula walikuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimejaa matenga ya nyanya, kinaelekea Iringa mjini. Dereva alimtazama mtoto mara moja, akashusha matenga sita mwenyewe bila kuuliza ya nani.

Hospitalini walipokewa na nesi mmoja mtu wa Mbeya, Esnath, mama wa makamo. Alimwinamia Anjela, akanusa, akanyooka haraka.

"Mama, huyu amekunywa nini?"

"Mtogwa," Paskalina akasema. "Siku nne. Lakini hata kabla ya hapo alikuwa ananuka. Baba yake alidhani amelewa. Bibi yake akasema..."

Akashindwa kumaliza. Esnath alikuwa ameshachoma kidole cha mtoto. Kipimo kikakataa kutaja namba. Sukari ilikuwa imepita kiwango chake.

Mlango ukafungwa, wakaachwa kwenye benchi. Kalinga alikuwa na mikono inayonata utomvu wa mianzi, akawa anaifuta kwenye suruali, anaifuta tena.

Jioni Esnath akatoka. "Mtoto wenu hajalewa wala hajarogwa," alisema taratibu. "Ana kisukari. Mwili ukishindwa kuitumia sukari unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na moshi wake, tuseme, unatokea mdomoni. Unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au pombe. Kiu ile ni yake, kukonda ni kwake, hata kuhema kule. Nimekaa wodini miaka ishirini. Figo zikifa, mdomo unanuka mkojo. Ini likifa, unanuka kitu kilichovunda chenye utamu. Watu wanalaumu mswaki, na mswaki hauna kosa."

"Na mtogwa?" Kalinga akauliza.

Esnath alimtazama. "Mzee, ule ni sukari tupu."

Loo! Paskalina aliiona mikono yake mwenyewe na kikombe. Hakulia. Alikwenda nyuma ya jengo la wodi, akaosha mikono, akaosha uso, akarudi kukaa palepale.

Anjela hakufa. Siku mbili hakujitambua, ya tatu akafumbua macho, ya nne akaomba ugali. Paskalina alikuwa akimnusa kila saa, na siku ya tano kinywa cha mwanawe kikanuka kinywa tu. Kalinga alilia mbele za watu, mzee wa kanisa mzima, akamwomba bintiye msamaha kwa jina. Siku ya sita daktari akasema kesho yake mtoto anaweza kurudi nyumbani, na sindano zake, wameshafundishwa namna ya kumchoma.

Paskalina akatangulia kwenda kufua mashuka na kuanika godoro. Alifika kama saa saba mchana. Baridi ilikuwa kali kama kawaida ya huko, na uani hapakuwa na mtu. Bibi Yusta alikuwa ameenda Kilolo kwa dada yake tangu siku ileile ya yowe. Kabla ya kuondoka alikuwa amefunga chumba cha Anjela kwa kufuli, na ufunguo akamkabidhi dereva wa kirikuu aliporudi kuchukua matenga yake, naye akampelekea Paskalina hospitalini. Ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kitenge chake.

Akapita nje ya dirisha la chumba hicho. Kwenye kioo kulikuwa na doa la ukungu, duara, juu, usawa wa uso wa mtu mrefu. Akainua pindo la kitenge akalifuta.

Halikufutika. Lilikuwa upande wa ndani.

Akasimama analitazama. Doa likapungua, likawa dogo kama sarafu, likaisha. Akashukuru Mungu. Likarudi. Likatanuka, likapungua, likatanuka. Taratibu. Zito.

Akatoa simu, akampigia mumewe, akaweka sauti kubwa ili asiondoe macho kwenye kioo.

"Baba Anjela. Msije."

"Nini tena? Daktari ameshasaini."

"Nakuomba. Tutafute chumba hukohuko mjini, Kihesa, popote. Msije hapa."

Kalinga alianza kusema kitu, lakini simu ikanyang'anywa. Ikaja sauti ya Anjela, safi, yenye kicheko alichokuwa hajakisikia mwezi mzima.

"Mama! Kesho nakuja nyumbani!"

Ukungu kwenye kioo ukaganda, haukupungua wala kuongezeka, mfano wa mtu aliyebana pumzi asikilize vizuri.

Halafu ukaanza tena, haraka haraka.