Pointi Mia Sita za Bibi

Kila siku ya shule, saa kumi na robo alasiri, niliingia hotelini kwa mlango wa nyuma. Nilipita chumba cha kufulia, nikawaamkia wafuaji, kisha nikajipenyeza kwenye kijichumba kilichokuwa nyuma ya mapokezi. Mama yangu alikuwa mhudumu wa mapokezi, na humo ndimo alimonitengea kiti na kimeza cha kufanyia masomo. Bibi aliishi mtaa wa pili na alikuwa radhi kukaa nami, lakini Mama alikataa. Alisema kwa Bibi nitapiga soga tu mpaka jua lizame.

Hakukosea. Nyumbani naitwa Chiriku. Jina hilo alinipa Bibi, kwa sababu nilianza kusema kabla ya kutembea, na kwa maneno yake, tangu hapo sijapumzika hata kuvuta pumzi. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya ghorofa tatu, safi, na mtandao wake ulikatika kila wingu lilipopita. Kwa hiyo wageni walijaza fomu za karatasi, na jioni Mama aliziingiza zote kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja. Nikimaliza masomo nilimsaidia kuzipanga kwa tarehe. Niliipenda kazi hiyo. Kila fomu ilikuwa na mwandiko wake, na mimi nilijifanya najua tabia ya mtu kwa jinsi alivyokata herufi.

Chini kabisa ya fomu kulikuwa na kisanduku cha namba ya uanachama. Mgeni mwenye kadi alipata pointi hamsini kwa kila usiku aliolala, na pointi kumi akinywa chai ya watu wawili mgahawani. Akifikisha mia sita, alizibadilisha kwa usiku mmoja wa bure chumbani, pamoja na kifungua kinywa.

Bibi naye alikuwa na kadi. Alifua shuka za hoteli hiyo na nguo za wageni wake miaka ishirini na saba, na siku alipostaafu walimpa taulo mbili, barua ya shukrani na kadi ya uanachama yenye pointi sifuri. Taulo alizitumia. Kadi aliitia kwenye kopo la nyuzi.

"Bibi, vyumba vya ghorofa ya juu vikoje?" nilimwuliza siku moja.

"Shuka zake nazijua moja moja, mpaka zenye viraka," alisema. "Lakini kuzilalia, bado. Natamani siku moja tu nilale mle, nijue zinakuwaje zikiwa kitandani."

Alisema huku akicheka, akatunga uzi kwenye sindano na kuendelea kushona. Mimi sikucheka. Nilimpenda Bibi kuliko nilivyoweza kueleza, pamoja na maneno yangu yote, na nilitaka alale mle kabla magoti yake hayajakataa ngazi.

Wiki hiyohiyo nilimwuliza Mama mgeni akiacha kile kisanduku wazi inakuwaje.

"Pointi zake zinapotea tu," alinijibu, kisha akanyanyua simu iliyokuwa ikilia.

Zinapotea tu. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Kesho yake, kwenye fomu ya mgeni aliyeacha kisanduku wazi, niliandika namba ya Bibi. Ilikuwa na tarakimu nane na nilikuwa nimeshaikariri. Mama aliingiza fomu jioni ile huku akizungumza na mgeni mwingine, na hakuona kitu.

Nilijiambia simwibii mtu. Naokota kilichotupwa. Lakini kama kweli nilikuwa naokota, mbona nilisubiri Mama ageuke? Swali hilo nililikwepa wiki tatu nzima. Niliandika fomu ya pili, ya tano, ya tisa. Hata Bibi alishtuka kwamba nimekuwa mtulivu, akanigusa shingo kuona kama nina homa.

Nilipofika fomu ya kumi na moja, kadi ya Bibi ilikuwa na pointi mia tano na hamsini. Ilibaki fomu moja.

Fomu hiyo haikufika. Alhamisi alikuja fundi wa mizani, mzee mpole aliyezunguka miji akikagua mizani za madukani. Alikuwa mgeni wetu wa kila wiki, na hakuwahi kuwa na kadi. Siku hiyo aliamua kujiunga. Meneja alimwambia kwamba anaweza kudai pointi za siku za nyuma ambazo hakuzidai, mradi miezi mitatu haijapita. Wakafungua kompyuta. Mara tatu alizolala mwezi ule, pointi zake zilikuwa zimekwenda kwenye kadi nyingine. Kadi ya mama mzazi wa mhudumu wa mapokezi.

Niliyasikia hayo yote nikiwa kwenye kijichumba, kalamu mkononi. Nilimsikia meneja akisema kwa sauti ya chini, "Nakupa mpaka Jumatatu unieleze. Unajua wafanyakazi hawaruhusiwi kujichukulia pointi za wageni. Aliyetangulia alifukuzwa kwa jambo hilohilo."

Mama alisema, "Sijui, Meneja. Kweli sijui."

Nilikuwa na nafasi ya kutoka pale na kusema. Nilibaki kwenye kiti changu.

Jioni ile Mama alipakua chakula, akanisogezea, yeye akabaki anatazama sahani yake. Hakunifokea, wala hakuniuliza kuhusu fomu. Haikumpitia akilini kwamba ni mimi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama angemwaga unga kwa sababu yangu, na bado alikuwa ananiuliza kama chumvi imetosha.

Jumamosi asubuhi sana nilikimbia kwa Bibi. Nilimkuta anapindia mapazia ya jirani. Nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakosa pa kuanzia.

"Chiriku, nani kakufunga mdomo?" aliuliza.

Nililia kwanza, ndipo nikasema. Nilimweleza kila kitu, na mwisho nikajitetea, "Lakini walikuwa wameziacha, Bibi. Zingepotea tu."

Bibi aliweka mapazia chini. Alinivuta nikakaa karibu naye, akanifuta uso kwa kiganja.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kwenye mifuko ya nguo za wageni nimekuta hela, nimekuta pete, nimekuta meno ya bandia ya mzee mmoja, ambaye nadhani siku hiyo alikunywa uji tu. Wenzangu wengine walisema, mwenyewe kaacha, basi si chake. Mimi nilisema, mwenyewe hajakumbuka bado. Kila nilichokikuta nilikitia kwenye bahasha, nikaandika namba ya chumba na kukitunza, hata miezi ikipita. Umeona yule fundi? Alikuwa hajakumbuka bado."

"Nilitaka ulale ghorofani," nilisema.

"Najua." Alinifuta uso tena. "Na hakuna aliyewahi kunitakia kitu kwa moyo namna hiyo. Lakini umeandika jina langu mahali ambapo mimi sikuwepo. Twende kwa mama yako."

Mama aliponisikiliza alikaa chini taratibu. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema nimemdhalilisha mbele ya watu aliofanya nao kazi miaka tisa, na kwamba siku ile ya Alhamisi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na nikanyamaza. Kisha akaficha uso, akasema na yeye alikosea. Alikuwa anaingiza fomu bila kuzisoma, na jibu alilonipa siku ile lilikuwa la haraka haraka. Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti, akaninyanyua, tukakumbatiana.

Jumatatu tulikwenda watatu. Mama aliniambia, "Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako." Meneja alikuwa amemwita pia fundi wa mizani. Nilisema yote, nikampa meneja karatasi niliyoandika tarehe za fomu zote kumi na moja, maana nilizikumbuka kila moja.

Fundi wa mizani alinigeukia. "Ungeniomba, mwanangu," alisema, "labda ningekupa. Sasa hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mwema."

Nimesahau mengi ya siku ile, lakini maneno hayo sijayasahau.

Meneja alikuwa mtu wa haki, tena mkavu. Pointi zote zilirudishwa kwa wenyewe. Mama alibaki kazini, lakini alipewa onyo la maandishi kwa kutosoma fomu. Mimi nilikatazwa kukaa nyuma ya mapokezi. Na kadi ya Bibi ilisimamishwa kwa miezi mitatu.

"Bibi hakufanya kitu," nilisema. "Simamisheni yangu."

"Wewe huna kadi," meneja alinijibu. "Ndivyo ilivyo. Ukitumia jina la mtu, adhabu pia inaangukia jina lake."

Tulirudi nyumbani. Bibi alinishika mkono njia nzima, kana kwamba nilikuwa bado mdogo wa kuvushwa barabara.

Tangu siku hiyo, saa zangu za alasiri zilihamia kwa Bibi. Sikuzipoteza kwa soga kama Mama alivyohofia, au niseme, nilipiga soga huku mikono inafanya kazi. Bibi alipokea kazi za kupindia mapazia na kurekebisha sare za shule. Alinifundisha kupinda, kupiga pasi kola na kurudisha vifungo. Nilijidunga vidole mpaka vikazoea. Miezi mitatu ilipokwisha, alitoa kadi kwenye kopo la nyuzi na kuniambia nivae viatu.

Tulikwenda mgahawani, kwa mlango wa mbele. Tulikunywa chai ya watu wawili na keki, tukailipia kwa kazi ya mikono yetu, na mhudumu akaingiza pointi kumi. Jumamosi iliyofuata tukaenda tena. Pointi ishirini. Wahudumu walituzoea, wakawa wanatuwekea meza ya dirishani. Kuna Jumamosi Bibi aliumwa miguu, kuna nyingine hatukupata kazi ya kutosha, tukabaki nyumbani. Ilituchukua mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu siku pointi zilipofika mia sita, na meneja mwenyewe alimsukumia Bibi fomu, akamwita kwa heshima "Mama" mbele ya wageni wote, na kumwomba asaini.

Bibi alipewa chumba chenye vitanda viwili, ili nilale naye. Kulipokucha nilimkuta ameshaamka, ameegemea mito, anapapasa shuka polepole kwa kiganja.

"Umelala, Bibi?"

"Kama gogo," alisema. "Hata miguu imenyamaza. Nataka ukumbuke hilo, Chiriku. Zile pointi za kwanza zingenileta kwenye kitanda hikihiki, na shuka zingekuwa hizihizi, lakini ningelala na sikio mlangoni. Mtu akipata kitu chake kwa haki, ndipo anakifaidi. Raha ya kuiba haina usingizi."

Juu ya meza kulikuwa na kadi ya maoni ya wageni. Bibi aliomba miwani yake na kalamu. Aliandika polepole, akiegemeza kadi kwenye goti, kisha akanipa nisome. Aliandika hivi: "Shuka za chumba hiki ni safi na zimenyooka. Aliyezifua ana mikono mizuri. Naomba aambiwe."

Nilimwambia nitaipeleka mapokezi, Mama aitie kwenye sanduku la maoni.

"Hapana," alisema Bibi, akishuka kitandani na kutafuta viatu vyake. "Nipeleke kule chini kwenye kufulia, nikampe mwenyewe. Mimi nilisubiri karatasi kama hiyo miaka ishirini na saba."